Jino la Mwalimu Hadija na pamba tano nilizozitupa

Rumonge, Jumanne jioni.

Mvua imenyesha tangu adhuhuri, ile mvua nyembamba inayoshuka kutoka milimani bila haraka, na kutoka barazani ziwa halionekani kabisa. Hata mashine za kukamua mawese za jirani zimenyamaza. Nina chai iliyopoa, nina viatu vilivyolowa, na nina jambo ambalo nimelikwepa kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Nilimbebesha kosa mtu asiye na kosa.

Kwa wale wasionijua, mimi ni mtu wa meno. Kazi hii niliisomea Kigoma tulipokuwa wakimbizi, nikaifanya huko, kisha Nyanza-Lac, na mwisho hapa nyumbani. Nimestaafu, lakini Jumatatu na Alhamisi bado ninakaa katika chumba kidogo cha matibabu karibu na soko, kwa sababu jino bovu halina habari na kustaafu kwa mtu. Watu wananiita Muganga, kwa Kirundi, hata wale ambao nyumbani kwao hakisemwi kingine ila Kiswahili.

Mjukuu wangu Shamsa yuko hapa kwa likizo. Anasomea udaktari wa meno ng'ambo ya mpaka na amebakiza muda mfupi kumaliza. Tangu afike tumekuwa tukiongea jioni habari za utafiti anaouandikia, na ni utafiti huo ulionifikisha hapa nilipo leo. Itabidi nieleze kidogo. Wanaonijua wanajua kwamba siwezi kupita karibu na jino nikanyamaza.

Jino ni chumba kimoja kisicho na dirisha. Kuta zake ni ngumu: nje enameli, ndani yake dentini. Katikati kuna nyama laini yenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, ambayo vitabu huiita kiini cha jino. Uozo ukikikaribia, kiini huanza kuvimba. Ukijikwaa kidole cha mguu, kidole kinavimba kwa sababu kina nafasi ya kuvimbia. Kiini cha jino hakina nafasi. Kinavimba ndani ya kuta zisizosogea hata kwa upana wa unywele, na ndiyo maana jino humliza mwanaume mbebaji wa magunia mbele ya wanawe.

Uvimbe huo una hatua mbili, na kwetu sisi waganga, kuzitofautisha ndiyo kazi yenyewe. Hatua ya kwanza hurudi nyuma. Ondoa uozo, funika vizuri, kiini kitatulia na jino litaishi. Hatua ya pili hairudi. Ukifunika juu yake, unafungia moto ndani. Hapo inabidi kukitoa kiini chote, kusafisha mzizi na kuujaza, na asiye na vifaa vya kufanya hivyo atang'oa.

Shida ni kwamba kwa macho huwezi kuzitambua. Kwa hiyo tunauliza. Tunaligusa jino kwa kitu baridi na kumuuliza mgonjwa: unasikia? imeisha? Maumivu yakikatika mara baridi inapoondolewa, tuna matumaini. Yakiendelea kuvuta nusu dakika na zaidi, mambo yameharibika. Tunauliza pia kama jino linauma lenyewe bila kuguswa, na kama linamwamsha usiku. Mimi hugandisha maji ndani ya vifuniko vya sindano, nikapata vijiti vya barafu vyembamba kama penseli. Si kifaa cha kujivunia, lakini kimenisaidia miaka mingi.

Ukitazama vizuri, maswali yote hayo yanaulizwa mishipa ya fahamu, na majibu yote yanapita mdomoni mwa mgonjwa.

Shamsa na walimu wake wanataka kuuliza mahali pengine. Kiini kinapovimba, chembe zake hutoa protini: nyingine ni za kuita msaada, nyingine ni vimeng'enya ambavyo mwisho huila nyama yenyewe. Zinapatikana ndani ya damu ya kiini, na hata katika majimaji machache yanayopenya kwenye dentini. Watafiti huchukua tone kwa kijikaratasi chembamba na kupima ni kiasi gani cha protini hizo kimo. Zikiwa nyingi sana, huenda uvimbe umekwisha kuvuka mahali pa kurudi. Ndivyo vitu wanavyoviita viashiria vya kibayolojia. Shamsa ni mkweli, hanidanganyi kwa sababu mimi ni mzee. Anasema bado hawajakubaliana kikomo kiwekwe kwenye kiasi gani, wala tone lichukuliwe namna gani iliyo bora, na hakuna kipimo ninachoweza kukinunua leo nikakiweka mezani kwangu. Lakini nia yao naielewa. Wanataka ushahidi usiopitia ulimi wa mtu.

Juzi, akinieleza hayo, alitia utani wake. "Damu haina adabu, Babu," alisema. "Haisemi kidogo tu, alhamdulillahi."

Alicheka. Mimi nilisema chai ina moshi nikaingia ndani.

Maneno hayo hasa niliyasikia, kwenye kiti changu cha kazi, kutoka kwa Mwalimu Hadija.

Hadija si jina lake. Nimeruhusiwa kuandika kwa sharti la kulibadili, ingawa yeye mwenyewe amesema kwamba hapa kwetu atakayeshindwa kumjua ni mgeni aliyefika leo. Ni mama wa makamo, na kwa zaidi ya miaka ishirini amefundisha watoto wadogo wa madrasa kusoma herufi za Kiarabu. Watoto wetu wanakua na Kiswahili, Kirundi na Kifaransa katika sahani moja, na wanapofika kwenye thaa, dhaal na dhaa, zote kwao ni sa na za. Herufi hizo tatu hutoka pale ncha ya ulimi inapogusa makali ya meno ya mbele ya juu. Mwalimu Hadija alikuwa na njia yake. Alikuwa anaketi chini, uso wake sawasawa na nyuso zao, anafungua mdomo na kusema: tazama, ulimi wangu uko wapi? Mtoto anatazama, anajaribu, anarusha mate, wenzake wanacheka, anajaribu tena. Nusu ya vijana wanaosoma vizuri mji huu walitazama meno yale mawili ya mbele.

Moja lilioza. Uozo ulianzia ubavuni, pale meno yanapogusana, mahali ambapo mswaki haufiki na jicho halioni.

Alikuja kwangu Ramadhani ya mwaka juzi, baada ya Alasiri, akiwa amefunga. Jino lilikuwa limeanza kuuma siku tatu kabla.

Nilitoa kijiti cha barafu. Alitazama tu maji yalivyokuwa yanadondoka kwenye kidole changu. Nami nikakirudisha.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Kugusa jino kwa barafu kisha ukatema hakuvunji saumu. Yeye mwenyewe angeweza kunifundisha hilo. Ningeweza kumwambia arudi baada ya kufuturu. Ningeweza hata kumuuliza. Lakini sisi watu wa hapa tunaona haya kumsogezea aliyefunga kitu chochote chenye maji, mzee akimsogezea mwalimu ndiyo zaidi, na nilijiambia kwamba ninamheshimu. Ukweli ni kwamba nilijiheshimu mimi. Sikutaka kuonekana mtu asiyejali funga ya wenzake.

Basi nikauliza kwa mdomo. Linakuamsha usiku? Kidogo tu, alhamdulillahi. Linauma lenyewe? Kidogo.

Nilipaswa kujua. Nimelelewa kama yeye. Kwetu mtu wa dini kulalamikia maumivu katika mwezi ule ni kama mgeni kulalamikia chakula mbele ya mwenyeji. "Kidogo" ya Mwalimu Hadija si sawa na "kidogo" ya muuza samaki anayepiga kelele akiona sindano tu. Nilijua, na nilichagua kulichukua neno lilivyo kwa sababu lilinipa kazi nyepesi.

Nikamchoma sindano ya ganzi, nikasafisha uozo, nikafika kwenye kiini. Damu ikatoka. Hapa kuna kanuni ya zamani ambayo haihitaji maabara yoyote: bana kwa pamba yenye maji ya dawa, subiri dakika chache. Damu ikisimama, kiini bado kina afya ya kutosha. Isiposimama, kiini kimevimba sana na usikifunike. Nilibana pamba ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia kumi na mbili kasorobo, na mama wa nyumba yenye watu tisa alikuwa amelala kwenye kiti changu na futari haijapikwa. Kila nilipochukua pamba mpya alitazama mlango. Pamba ya nne. Ya tano niliibana kwa nguvu, damu ikapungua, nikajiambia imesimama. Nikaweka dawa ya kufunikia, nikaziba, nikamwombea saumu njema.

Pamba zote tano nilizitupa kwenye ndoo. Leo kuna watu wanasafiri mbali na kujenga maabara ili wasome tone moja la damu kama ile.

Siku ya tano baada ya Idi aliletwa na mumewe. Uso ulikuwa umevimba kutoka mdomoni hadi chini ya jicho, na mwili wake ulikuwa wa moto. Wiki ile petroli haikupatikana, magari ya Bujumbura yalikuwa yamelala, na usaha ulio karibu na jicho hausubiri gari. Sina vifaa vya kusafisha mzizi. Nikang'oa. Usaha ukatoka, homa ikashuka siku ya pili, na kwa hilo ninamshukuru Mungu.

Lakini mumewe, Bwana Sefu, mfanyabiashara wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikuwa amesimama mlangoni wakati wote. Aliuliza swali la haki kabisa: kwa nini jino nililiziba juzijuzi, na leo ninaling'oa?

"Alichelewa kuja," nikamjibu.

Maneno mawili. Yalitoka bila kusukumwa. Sefu akamgeukia mkewe: "Si nilikuambia? Wewe iko na kichwa nguvu."

Mwalimu Hadija alikuwa na pamba mdomoni. Hakuweza kujibu. Alinitazama, nami nikainamisha kichwa kwenye daftari langu la wagonjwa nikayaandika maneno yaleyale, amechelewa kuja, ili yaonekane kama jambo la kitabibu.

Yaliyofuata niliyajua yote. Mji huu ni mdogo. Pengo lile liliharibu herufi zake. Thaa ikawa inatoka na upepo. Alitengenezewa jino la kubandika, la plastiki, lenye sahani inayoshika kaakaa. Linapendeza kwenye picha, lakini ulimi wake unalikataa, na siku moja lilimdondokea mbele ya watoto akiwa anaonyesha dhaal. Tangu siku hiyo darasa la herufi limechukuliwa na mwanafunzi wake wa zamani. Yeye anaandika mahudhurio na kugawa uji. Akisema na mtu, anashika ncha ya mtandio mbele ya mdomo.

Na yale maneno yangu mawili yakatembea. Sefu ni mtu wa mzaha, si mtu mbaya, na aliyageuza kuwa hadithi ya arusini: mke wangu anapiga watoto fimbo kwa kuchelewa dakika tano, na jino lake mwenyewe lilichelewa hadi likaota usaha. Watu wakacheka. Nilikuwepo mara tatu kwa hesabu yangu. Mara zote tatu nilikunywa chai yangu. Wazazi wengine wakaanza kusema kwamba mwalimu asiyejali mdomo wake atajalije midomo ya watoto. Hilo pia lilinifikia.

Nilijua na nilinyamaza.

Leo asubuhi Shamsa aliomba kuona madaftari yangu. Alitaka kujua sisi wa zamani tulikuwa tunaamuaje, bila mashine. Nilifurahi, nikamletea yote, nikakaa karibu yake kama mtu anayeonyesha ng'ombe wake. Alisoma kwa utaratibu, akiuliza hiki na kile. Kisha akasimama kwenye ukurasa mmoja.

"Babu, hapa umeandika maumivu siku tatu. Ukurasa wa mbele, mgonjwa huyohuyo, umeandika amechelewa kuja." Akanitazama. "Siku tatu ndiyo kuchelewa?"

Nilianza kueleza. Kueleza ninakujua. Nilieleza mwezi wa Ramadhani, nilieleza petroli, nilieleza ukosefu wa vifaa, nilieleza hata kwamba jino la mbele lina mzizi mmoja. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akafunga daftari taratibu, akalirudisha juu ya mengine, akaenda jikoni kumenya viazi.

Angenikemea ningepona haraka zaidi.

Baada ya Adhuhuri nikachukua mwavuli nikatoka.

Njiani nilipanga. Nilipanga kumwita Mwalimu Hadija kando, nimwambie yeye peke yake, kwa sauti ndogo, kama inavyofaa kwa mambo ya mgonjwa na mganga wake. Ilikuwa mipango mizuri yenye hekima, na nilipofika karibu na nyumba yao niligundua kwamba hekima yote ile ilikuwa ni ya kumkwepa Sefu.

Sefu alikuwa chini ya paa la stoo, anachambua mchanga kwenye ndagala. Tulipeana amahoro, salamu yetu ya amani. Kisha akasema, kwa mzaha uleule, "Karibu, Muganga. Umekuja kuona mwenye kuchelewa? Iko ndani."

Nikamwomba aache ndagala aingie na mimi, kwa kuwa maneno niliyoyaleta yalianza kusemwa mbele yake.

Tulikaa sebuleni, mvua inapiga bati. Mwalimu Hadija alileta viti, akashika ncha ya mtandio mdomoni, akakaa. Sikutangulia na historia. Nilisema kwamba alikuja siku ya tatu na siku ya tatu ni mapema. Nilisema kwamba sikulipima jino kama nilivyopaswa. Nilisema kwamba damu ilinionya na mimi nikaifunika kwa sababu jua lilikuwa linazama. Nilisema kwamba lile neno la kuchelewa nililitunga palepale mlangoni kwa aibu, na kwamba hakuna aliyechelewa. Nikamwomba radhi.

Sefu alikuwa na magamba ya ndagala kwenye vidole, akawa anayabandua moja moja. "Muganga," alisema mwishowe, "mimi nimemucheka huyu mwaka muzima."

Kisha Mwalimu Hadija akasema kutoka nyuma ya mtandio: "Nilikuwa silali. Siku mbili kabla ya kuja kwako sikulala kabisa. Nilikuambia kidogo."

Hapa lazima niandike jambo ambalo ningependa kulificha. Nilifurahi. Moyo ulinirukaruka kama wa mtoto aliyepata mwenzake wa kuchapwa naye. Niliona mzigo unagawanyika mara mbili, nusu yake nusu yangu, na tayari sentensi ilikuwa inajipanga kinywani: unaona basi, Mwalimu, ungeniambia.

Aliniona. Mwalimu wa watoto wadogo anaona sentensi kabla haijatoka.

"Siku ile uliposema nimechelewa," aliuliza, "ulijua si kweli?"

"Nilijua."

"Basi usivichanganye. Mimi nilidanganya juu ya maumivu yangu mwenyewe. Wewe ulidanganya juu yangu."

Nimefundisha wasaidizi wengi katika maisha yangu, na sikumbuki kama niliwahi kumweleza mtu jambo kwa uwazi kama huo.

Aliniuliza tena, na swali hili aliuliza kwa utulivu, kama mtu anayetaka kujua tu: hicho kipimo anachosomea mjukuu wangu, ambacho habari zake zimeshafika mpaka kwa wauza mchicha, kingekuwepo siku ile, jino lake lingebaki? Nilimweleza. Nilisema huenda. Kingeweza kuonyesha kwamba uvimbe haurudi tena. Ningekitoa kiini, ningeweka dawa ya kutuliza, ningempeleka Bujumbura kabla petroli haijakatika, mzizi ukasafishwa na kujazwa, na jino la namna hiyo likishajazwa vizuri laweza kukaa miaka mingi. Nilipofika hapo nikahisi utamu mwingine unanijia, ule wa kusema: tatizo letu ni kwamba sayansi haijatufikia. Ni kisingizio kizuri. Kina ukweli ndani yake, na visingizio vibaya zaidi ndivyo hivyo.

Kwa hiyo nikaongeza kwamba siku ile nilikuwa na vipimo viwili. Barafu ilikuwa mkononi mwangu, damu ilikuwa kwenye pamba. Kimoja sikukitumia, kingine sikukisikiliza. Mtu asiyesikiliza pamba tano hawezi kuahidi kwamba angesikiliza kijikaratasi.

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaniambia kwamba Jumamosi wazazi wa madrasa wanakutana, saa tatu asubuhi, na kwamba nitafika.

Nilimuuliza kama ningeweza kuwaandikia barua, nikaisaini, isomwe na mtu mwenye sauti nzuri.

"Hapana," alisema. "Uje useme. Mimi siku ile nilikuwa na pamba mdomoni. Wewe huna."

Sefu alitaka kucheka, nadhani kwa mazoea, akajizuia. Alinisindikiza mpaka barabarani bila mwavuli, akilowa. Sijui alikuwa ananiheshimu au alikuwa anahakikisha nimeondoka.

Hakuniambia amenisamehe, yule mama. Nami sikuomba mara ya pili. Nikiwa njiani nilijaribu kujiambia kwamba nimefanya jambo la kiume, kwamba wengine wa umri wangu wasingeenda. Nilikuwa bado sijafika kwenye kona ya msikiti nikaona kwamba ninajipongeza kwa kurudisha nilichoiba, baada ya mwaka na zaidi, tena kwa sababu binti mdogo alisoma kurasa mbili kwa kufuatana.

Kuanzia Alhamisi nitabadili ninavyouliza. Sitauliza tena "inauma?" kwa watu waliofundishwa kwamba jibu jema ni "kidogo". Nitauliza ulilala saa ngapi, uliamka mara ngapi, ulikula upande gani wa mdomo, nani mwingine nyumbani aliamka. Shamsa anasema hilo pia ni kupima viashiria, ila vya mtu badala ya vya damu, na akaniomba nimwandikie maswali hayo ayapeleke chuoni. Nimemwambia asubiri. Kwanza nina la kuandika kwa ajili ya Jumamosi.

Nimekuwa nikiliandika tangu nirudi. Mara ya kwanza nilianza hivi: Ilikuwa mwezi mtukufu wa Ramadhani. Nikasoma, nikafuta. Mara ya pili: Kama mnavyojua, hapa kwetu vifaa ni haba. Nikafuta hiyo pia, kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika.

Ya tatu inaanza na "Mimi". Nimeikodolea macho kwa muda wa chai nzima, na neno la pili bado linakataa kuja. Ninazo siku tatu za kulitafuta.